Mwenyeji wa Chumba cha Joto

Harufu ilianza Jumanne moja ya mwezi wa tano, mwaka 1975, saa saba mchana, king'ora cha kiwanda cha mkonge kilipolia na wafanyakazi wakaketi kula. Raheli aliinusa kabla hajafungua mlango. Ilikuwa harufu ya togwa lililopitiliza siku, lile ambalo mtu akifunua mtungi hurudisha uso nyuma.

Aliingia amekasirika. Chumba cha joto kilikuwa na sheria tatu, na yeye ndiye aliyeziandika kwa chaki nyuma ya mlango: viatu nje, mikono kwenye beseni la dawa, chakula marufuku.

"Nani ameleta togwa humu?"

Mama mmoja aliyeketi chini akikamua maziwa kwenye kikombe aliinua uso. "Togwa tulipate wapi, Sista? Uji wenyewe tunagombania."

Wenzake wakacheka kwa chini. Raheli alitazama chini ya benchi, nyuma ya pazia, ndani ya ndoo. Hakuona kitu. Akafuata pua yake mpaka kwenye sanduku la sita, la pembeni kabisa, na hapo harufu ikamchoma macho. Sanduku hilo halikuwa na mtoto.

Hospitali yenyewe ilikuwa ya shamba la mkonge, vyumba vinane tu, maili chache kutoka Korogwe. Masanduku sita ya chumba cha joto yalichongwa na seremala wa kiwanda kwa ajili ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya miezi kutimia. Kila moja lilikuwa na kifuniko cha kioo na nafasi pembeni ya kupanga chupa za maji ya moto. Raheli, mjane wa Kishambaa, alikisimamia chumba hicho kwa miaka tisa. Watoto aliowaokoa walishaanza shule, na mama zao wakikutana naye sokoni walimfungashia nyanya bila kupokea hela.

Pamba ilipokosekana, alibuni njia yake. Nyuzi fupi za katani ambazo mashine zinazitema hutupwa kwenye rundo nyuma ya kiwanda. Alimtuma Petro mfagiaji akazikusanye, akazichambua, akazianika, akazitandika masandukuni chini ya kitambaa. Zilishika joto kuliko pamba. Bwana mkubwa wa kiwanda alimsimamisha mbele ya mkutano. "Huku ndiko kujitegemea," alisema, na watu wakapiga makofi.

Siku mbili baada ya ile harufu, mtoto wa sanduku la tano aliota utando mweupe mdomoni. Kila mkunga anaujua utando ule. Raheli aliupaka dawa ya zambarau na kuendelea na kazi. Lakini siku ya tatu tumbo la mtoto lilivimba, ngozi ikawa rangi ya jivu, pumzi ikawa inakuja na kupotea. Raheli alichukua pembe yake ya mbao ya kusikilizia, akaiweka kwenye kifua kisichozidi kiganja. Aliusikia moyo. Nyuma ya moyo alisikia kitu kingine, mlio mdogo wa mapovu yanayopasuka, kama wa mtungi wa togwa uliofunikwa.

Mtoto alikufa saa saba mchana. Wa sanduku la tatu alimfuata Jumatatu, saa ileile.

Damu ya huyo wa pili Raheli aliipeleka kwa Semboja, mtu wa maabara, Mzigua wa Handeni mwenye darubini moja na utani usioisha. Semboja aliinama kwenye darubini. Akanyanyuka, akafuta kioo, akainama tena.

"Mama Serafina, umeniletea damu au umeniletea pombe?"

"Acha mzaha, Semboja."

"Haya, njoo utazame."

Raheli aliviona vijiduara, vingine vimeota vichwa vidogo ubavuni kama viazi vinavyochipua.

"Hiyo ni kuvu," Semboja alisema, na safari hii sauti yake ilishuka. "Ukoo mmoja na hamira. Iko ndani ya damu. Damu ya huyu mtoto inaumuka."

Daktari, aliyekuja mara mbili kwa wiki, alisema kuvu hukaa mdomoni, kwenye damu haiingii, na kwamba Semboja aoshe vioo vyake. Semboja aliviosha mara tatu. Mara tatu aliona kitu kilekile.

Ijumaa hiyo waliletwa watoto wawili pacha, wakalazwa masanduku yaliyoachwa wazi. Jumapili akaletwa Serafina, mtoto pekee wa Raheli, ana uchungu wa mimba ya miezi saba. Alijifungua mvulana wa kilo moja na nusu. Masanduku matano yalikuwa na watoto. Lililobaki lilikuwa la sita.

Raheli alilisugua kwa dawa, akaliweka juani. Matandiko yake ya zamani aliyakusanya akayafunga kwenye kitambaa ili yakachomwe, na kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa akayaweka juu ya mizani ya watoto.

Mshale ulisogea. Ukasimama kwenye kilo moja na robo.

Fungu la nyuzi kavu, la kujaa mikono miwili. Alilinyanyua, lilikuwa jepesi kama lilivyotakiwa kuwa. Alilirudisha, na mshale ukaenda palepale, pole pole, kama unavyokwenda mtoto akilazwa kwa uangalifu. Raheli aliijua hesabu hiyo. Mwaka mmoja nyuma aliiandika kwenye daftari kwa mkono wake, kisha akaukata mstari.

"Mama," Serafina alimwita kutoka kitandani. "Usimlaze humo. Nimesikia wanawake wanavyosema. Mtoe mmoja wa wale pacha, wao wako wawili."

"Siwezi."

"Huwezi nini? Si wewe mwenye chumba?"

Raheli alisimama mbele ya sanduku la pacha wa kwanza. Mama yao, mke wa mkata mkonge, alikuwa amelala mkekani na mkono mmoja umeshika mguu wa sanduku. Raheli alirudi nyuma. Akamlaza mjukuu wake kwenye sanduku la sita, juu ya kitambaa kitupu bila katani, akapanga chupa tano badala ya tatu.

Siku ya tatu utando ulionekana mdomoni mwa mjukuu. Semboja alichukua tone la damu kisiginoni, akakaa na darubini kwa muda mrefu.

"Bado ni vichache," alisema. "Kuna dawa ya sindano nimeisoma. Iko Dar es Salaam, kama ipo, na mpaka kibali kitoke…" Alifunga mlango wa maabara. "Mama Serafina, mimi ni mtu wa darubini. Lakini nimezaliwa Handeni. Kwetu, harufu ya togwa mahali pasipo na togwa tunajua ni ya nani."

"Ya nani?"

"Ya mwenyeji. Jini wa ukoo. Wako walio naye, hukaa chemchemini kwao, mahali pa joto na unyevu. Hana ubaya na mtu mpaka achokozwe." Alimtazama. "Kuna mtu wa Handeni uliyemkosea?"

Raheli alikaa kwenye kiti cha wagonjwa. Alieleza huku akitazama sakafu.

Mwaka 1974, watu walipohamishwa kutoka mabonde ya Handeni kupelekwa kijiji kipya kando ya barabara ya Mkata, lori lilimleta msichana aitwaye Mwanaidi. Alijifungulia njiani, mtoto wa kike, mimba yake ya kwanza. Kilo moja na robo. Raheli alimlaza sanduku la sita. Jioni yake mke wa bwana mkubwa wa kiwanda naye akajifungua kabla ya siku, na masanduku yalikuwa yamejaa. Raheli alimtoa mtoto wa Mwanaidi, akamweka stoo juu ya fungu la katani, akamwambia mama yake kwamba bado yuko kwenye joto. Msichana hakuruhusiwa kuingia. Hakuwa na kitambulisho cha shamba. Mtoto aliishi siku mbili. Mwanaidi alipoomba mwili, Raheli alimwambia umeshazikwa, kwa sababu sisimizi wa stoo walikuwa wamemfikia mtoto kabla yake.

"Ulimzika wapi?"

"Nilimpa Petro. Akamfukia kwenye rundo."

"Rundo lipi?" Semboja aliuliza, kisha akaelewa. "Hilo mnalokusanyia matandiko."

Raheli aliitikia kwa kichwa.

Basi lilimshusha Mkata kesho yake asubuhi. Kijiji kipya kilikuwa cha nyumba zilizopangwa mistari, kila mlango na namba yake ya chokaa. Mwanaidi alikuwa nje anamenya mihogo. Alimtazama Raheli kuanzia viatu hadi kofia ya kazi aliyosahau kuivua.

"Shikamoo, Sista wa masanduku. Umekuja kunipima?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja…"

"Mwanao mimi?" Mwanaidi alicheka. "Bibi! Toka nje, tumepata ugeni. Mwenye chumba cha joto amekuja na miguu yake. Si ulisema hatamaliza mwaka?"

Bibi Mashavu alitoka ameinama, fimbo mkononi. Raheli alimwamkia kwa magoti. Bibi alipoitikia, pumzi yake ilimfikia Raheli usoni. Ilikuwa ya togwa.

"Una mtoto mle ndani sasa," bibi alisema. Hakuwa anauliza.

"Mjukuu wangu, bibi. Nakuomba."

"Umemlaza wapi?"

"Sanduku la sita."

Bibi aliketi kwenye kigoda. "Nitakwambia, maana mfanyakazi wa serikali hupenda maelezo. Sisi tulikaa chemchemini, miaka kwa miaka, na mwenyeji wetu. Amenikalia mimi tangu niko mchanga. Simdai, hanidai. Nimezeeka, mwili huu ndio nyumba yake na unabomoka, na yeye akaahidiwa mtoto wa kwanza wa Mwanaidi. Hamdhuru mtoto, humkalia tu. Likaja lori. Paa zikachomwa ili tusirudi. Mwenyeji akakosa chemchemi, akasema si neno, mtoto yuko njiani. Nawe ukamtoa mtoto kwenye joto, naye akaisikia baridi."

"Tangu siku ile," Mwanaidi alisema huku kisu kikiendelea kumenya, "nimekaa hapa namtuma. Nilimwambia, nenda ukakae kwake. Kote utakakokuta joto, kaa."

"Watoto wale wengine hawakukukosea," Raheli alinong'ona.

"Wangu alikukosea nini?"

Kisu kilisimama.

"Kwetu," bibi aliendelea, "mtoto asiyetimiza miezi huzikwa na wanawake, penye unyevu, pale mtungi wa maji unapokaa, tumbo la mama lisikauke. Wa Mwanaidi amezikwa wapi?"

Raheli aliwaambia. Alitaja rundo, akataja Petro, akataja stoo na sisimizi. Mwanaidi alisikiliza mpaka mwisho, akatema mate karibu na viatu vya Raheli.

"Mlete," bibi alisema. "Kesho. Akilala penye unyevu, mwenyeji atatoka chumbani mwako. Anataka nyumba tu."

Raheli alimshika miguu akashukuru. Hakuuliza nyumba gani.

Siku iliyofuata alimchukua Petro kabla ya king'ora cha saa saba, wafanyakazi wasiwaone. Rundo lilikuwa refu kama nyumba, na lilitoa mvuke kwa jua lile kama linavyotoa siku zote, kwa kuwa mabaki ya mkonge yakilala huchemka yenyewe kwa ndani.

"Sista, mimi mwaka mzima sijalala vizuri," Petro alisema. "Kila nikija kukusanya makapi nachukua upande wa pili. Naapa, upande wa pili."

"Chimba, Petro."

Petro alichimba, na kadiri jembe lilivyoingia joto liliwapanda usoni na harufu ikazidi, na uyoga mweupe mdogo ukaanza kuonekana kwenye kila tonge lililogeuka, kwanza mmoja mmoja, kisha kwa vishada, kisha umeshikana kama shuka, mpaka Petro akatupa jembe akakataa, na Raheli akapiga magoti akaendelea kwa mikono, na alipokuwa ameingiza mikono hadi mabegani king'ora kikalia, na king'ora kilipokatika akausikia ule mlio, mapovu yanayopasuka, safari hii si kwenye kifua cha mtoto mmoja bali rundo zima, juu yake na chini ya magoti yake, likipumua kama pipa la pombe, na vidole vyake vikagusa kitambaa alichokijua kwa pindo alilolishona mwenyewe, akakivuta, na kilichokuwa ndani, ambacho baada ya mwaka mmoja kilipaswa kuwa mifupa michache, kilikuja chote kwa pamoja, kimefumwa kwa nyuzi nyeupe zisizo katani, na kilikuwa na joto, joto la mtoto aliyetolewa sandukuni sasa hivi.

Hakufungua kitambaa. Alikiweka kwenye kikapu cha ukindu, akafunika kwa kanga, akapanda basi la Mkata. Abiria walianza kunusa kabla ya kilomita ya pili.

"Mama," kijana wa kiti cha nyuma akasema, "hilo togwa lako limeshakuwa pombe. Ukifika utakuta limelewa lenyewe."

Basi zima likacheka.

"Ndiyo," Raheli alisema, amekishika kikapu magotini. "Limechelewa."

Wanawake walizika bila maneno mengi, nyuma ya nyumba, pale maji ya mtungi yanapomwagikia. Mwanaidi alikipokea kikapu mwenyewe. Hakulia. Alipomaliza kusawazisha udongo kwa kiganja alisema, bila kuinua kichwa, "Alikuwa na kilo ngapi?"

"Moja na robo."

"Umekumbuka. Na huyo wako?"

"Moja na nusu."

Mwanaidi alipangusa mikono. "Anatosha," alisema.

Raheli alilielewa neno hilo kama kila bibi anayeomba uzima wa mjukuu angelielewa: kwamba mtoto ana uzito wa kutosha kupona. Alirudi nalo njia nzima amelishika kama dawa.

Na mtoto alipona. Semboja alitazama damu siku nne mfululizo na hakukuta kitu. Utando ulikauka. Chumba kilinukia dawa na maziwa tu. Raheli alichoma kila unyuzi wa katani uliokuwa masandukuni, akaenda kwa daktari akasema yote kuhusu stoo na rundo, akaandika barua ya kuacha kazi kabla hajaambiwa aandike. Hakuna njiti mwingine aliyekufa kwa kuumuka damu. Serafina alimwita mwanawe Jonathan, jina la baba yake Raheli, akaenda naye nyumbani Korogwe, na Raheli akahamia kwao kusaidia kulea.

Ilimfikia habari baadaye, kwa mdomo wa Semboja, kwamba Bibi Mashavu alifariki siku ileile ya mazishi, dakika chache baada ya Raheli kuondoka. Alifariki ametulia. "Walioosha mwili wanasema hakuwa na harufu yoyote," Semboja alisema, na hakuongeza utani.

Jonathan alikuwa na miezi minane walipokwenda naye sokoni, Jumamosi, Serafina amembeba mgongoni. Walikuwa kwenye meza za machungwa. Raheli alimwona mtoto akinyoosha shingo, akatazama mbali kati ya watu, akaanza kucheka peke yake.

Mwanaidi alikuwa anakuja. Hakuwa na haraka wala kikapu.

"Shikamoo, Sista. Nimekuja kumjulia hali."

Mtoto alijirusha kutoka mgongoni kwa mama yake, mikono yote miwili mbele, na Mwanaidi akamdaka. Jonathan alilaza kichwa begani kwake, akapiga mwayo. Pumzi yake ilipita kati ya wanawake watatu.

"Ee, umempa nini?" Serafina alisema kwa kicheko kidogo. "Ananuka togwa. Dada, nirudishie mwanangu, si mzoefu wa wageni."

Alimvuta. Mtoto hakulia. Alibana pumzi. Midomo ikawa ya jivu, kisha mashavu, tumbo chini ya kishati likaanza kupanda, na Raheli, ambaye masikio yake yalikuwa yamefunzwa miaka tisa, alisikia kelele zote za soko zikikaa pembeni na kuacha mlio mdogo wa mapovu. Akamshika Serafina mkono. Serafina akamwachia mtoto, na rangi ikamrudia.

"Mama?" Serafina alinong'ona. "Mama, huyu dada ni nani?"

Mwanaidi alimpapasa mtoto mgongoni, pole pole, kwa kiganja kilekile kilichosawazisha udongo.

"Mwambie, Sista. Mimi ulinidanganya. Huyu mwambie kweli."

Ng'ambo ya mto king'ora cha saa saba kilianza kulia. Raheli alingoja kimalize.

"Ni mama yake," akasema.